Kufunga Jigi la Singa: Namna ya Kuzungusha Uzi Usilegee

Jigi la singa ni chambo bandia cha kuvulia samaki: kichwa cha risasi kilichomiminwa kwenye ndoana, na nyuma ya kichwa hicho kuna shingo fupi inayofungwa nywele za mnyama (singa) kwa uzi. Marekani hufungwa kwa singa za mkia wa kulungu, na huko ndiko mbinu zake zimechambuliwa zaidi. Pwani yetu linafaa kwa kolekole, changu, chewa na songoro, mradi lidumu. Yanayotengenezwa nyumbani mengi hayadumu. Samaki wawili watatu, singa zinachomoka kishada kizima, na kinabaki kipande cha risasi chenye ndoana.

Mtu akiona hivyo, mara ya pili huongeza uzi. Hapo ndipo kosa linapozidi. Mizunguko kumi iliyokazwa juu ya msingi mgumu inashika kuliko mizunguko sitini iliyolegea, kwa sababu kila mzunguko uliolegea ni mto laini ambao mzunguko unaofuata utakalia. Uzi wa juu ukikazwa, ule wa chini unabonyea, na singa hazihisi chochote. Karibu kila kitu katika mwongozo huu kinahusu mkazo na mahali mkazo unapotua.

Mfano tunaoutumia ni jigi la gramu 28 (wakia moja), ndoana ya saizi 4/0, lenye shingo ya risasi ya urefu wa milimita 8 hadi 10 na unene wa milimita 6 hivi.

Uzi

Unene wa nyuzi hizi hupimwa kwa denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Kwa jigi la ukubwa huu tafuta nailoni ya denia 210 ambayo haikusokotwa na inalala bapa. Usipoipata dukani, tembelea wauza nyavu. Uzi wa kutengenezea nyavu unaoandikwa 210D/2 au 210D/3 ni nyuzi mbili au tatu za denia 210 zilizosokotwa pamoja. Kata mita 3, ufumue msokoto taratibu kuanzia ncha moja, uchukue uzi mmoja tu. Upitishe mara mbili kwenye kipande cha nta ya nyuki ili nyuzinyuzi zake zisitawanyike na ushike pale unapoulaza.

Nailoni ina sifa moja inayoifaa kazi hii: inanyumbuka kidogo ikivutwa, kisha hujivuta kurudi. Ukiikaza juu ya singa inaendelea kuzibana hata baada ya kuachia mkono. Poliesta hainyumbuki kama nailoni, lakini pia hainywi maji kama nailoni, kwa hiyo nayo inafaa. Uzi wa cherehani wa pamba uuache kabisa, kwani hukatika kabla hujafikia mkazo unaotakiwa na huoza kwa maji ya chumvi. Uzi wa fundi viatu una nguvu za kutosha, ila ni mnene mno. Kila mzunguko wake unaacha bonde pembeni, na singa zilizo chini ya bonde hilo hazijashikwa na kitu.

Mita 3 zinatosha jigi moja. Shingo ya milimita 6 ina mzingo wa karibu milimita 19, na ikishavaa singa hufika 25 hadi 27. Kazi nzima inachukua mizunguko 90 hadi 105, yaani mita mbili na robo hivi. Kinachobaki ni cha kushikia na cha fundo.

Kujua mkazo wako

Kabla ya kugusa singa, chukua msumari wa inchi 6, ambao unene wake unakaribia ule wa shingo ya jigi, uubane kwenye jiliwa ndogo ya mezani. Zungusha uzi mara kumi, kisha vuta polepole mpaka ukatike. Anza tena. Ukifanya hivyo mara kumi, mkono utajua uzi unavyokakamaa muda mfupi kabla ya kukatika. Mkazo wa kazi ni pungufu kidogo ya hapo. Wengi wanaoanza hufunga kwa nusu ya nguvu ambayo uzi unaweza kubeba, wakiogopa kuukata. Afadhali uukate mara tatu mezani kuliko uwe mlegevu kwenye maji.

Kama una kishikio cha uzi (kile kimrija chenye miguu miwili inayobana kigurudumu), weka mdomo wa mrija sentimita 3 hadi 5 tu kutoka kwenye shingo, na ubonyeze kigurudumu kwa kiganja kama breki. Umbali ukizidi, uzi hukwenda unakotaka wenyewe. Usipokuwa nacho, zungusha uzi kwenye kijiti, uache sentimita 20 nje, ufungue kadiri unavyoendelea.

Msokoto unaojitokeza wenyewe

Jambo hili halionekani kwa macho, na kwa hiyo linawasumbua hata waliofunga majigi kwa miaka. Kila unapouzungusha uzi kwenye shingo kwa mkono, uzi wenyewe unajisokota mara moja. Baada ya mizunguko 20 uzi uliokuwa bapa umekuwa kamba ya duara. Uzi wa duara unakalia mstari mwembamba, hukata singa zenye uwazi ndani, na hujenga vilima ambavyo mzunguko unaofuata utateleza kutoka juu yake. Uzi bapa unatandaza mbano sehemu pana zaidi, na unaweza kuukaza sana bila kukata kitu.

Dawa yake ni hii: kila baada ya mizunguko 10 hadi 15, acha kishikio kining'inie chini ya jigi na ukizungushe kinyume cha saa ukitazama kutoka juu. Hiyo ni kwa mtu wa mkono wa kulia anayezungusha uzi kwa kuupeleka mbele yake kupitia juu ya shingo. Mtu wa mkono wa kushoto azungushe kwa mwendo wa saa. Utauona uzi unafunguka na kupanuka. Hapo simama, uendelee.

Msingi juu ya shingo

Rangi ya kichwa iwe imekauka kabisa, na shingo yenyewe isiwe na rangi. Uzi uliofungwa juu ya rangi unashikana na rangi, na rangi ikibanduka vyote vinazunguka kama pete kidoleni. Kama shingo ina kijino cha risasi cha kushikia chambo cha mpira, kikate kwa kisu na ukisawazishe kwa tupa. Kisha ikwaruze shingo kwa msasa namba 120 mpaka ipoteze mng'ao. Nawa mikono kwa sabuni baada ya hapo, kwani vumbi la risasi ni sumu, na usifanye kazi hii kwenye meza ya chakula.

Funika ncha ya ndoana kwa kipande cha mrija wa soda au utepe. Hatua hii inaonekana ya kitoto, lakini uzi mwingi unaokatika bila sababu umekwaruzwa na ncha hiyo mzunguko mmoja au miwili kabla.

Anzia nyuma tu ya kichwa. Shika ncha ya uzi kwa mkono wa kushoto, uilaze juu ya shingo kwa mshazari, na upitishe mizunguko 5 au 6 juu ya ncha hiyo ukielekea nyuma. Vuta ujaribu. Kama haitelezi, kata mkia uliobaki. Endelea kuelekea mpindo wa ndoana, mizunguko ikigusana bila kupandana, mpaka ubakize milimita 1 kabla ya shingo kuisha. Rudi hadi kwenye kichwa. Kwenda na kurudi ni mizunguko 25 hivi.

Usifike mwisho kabisa wa shingo. Pale risasi inapoishia pana ngazi, na uzi unaoanguka kutoka kwenye ngazi hiyo kwenda kwenye chuma cha ndoana unalegea wote mara moja, pamoja na ule ulioushikilia.

Weka tone moja dogo la supa gluu nyepesi juu ya msingi, ulisambaze kwa sindano, usubiri dakika moja. Sasa shingo ni ngumu na ina mikwaruzo ya kutosha kuzuia singa zisizunguke.

Singa

Singa za mkia wa kulungu si za aina moja. Zile za karibu na shina la mkia zina uwazi ndani, na zikikazwa hutawanyika kama ufagio. Zile za katikati hadi nchani ni ngumu zaidi na hulala. Anayetaka jigi jembamba linalozama haraka achukue za nchani, na anayetaka mwili mnene achukue za shinani.

Afrika Mashariki usiguse nywele za swala, paa au mnyama mwingine wa porini. Sheria za wanyamapori za Kenya (2013) na Tanzania (2009) zinakataza kuwa na sehemu ya mnyama huyo bila kibali. Ndevu na singa za mgongoni za beberu zinafanya kazi nzuri: hazina uwazi mkubwa ndani kama za kulungu, kwa hiyo hazitawanyiki na hazikatwi na uzi, ila zinateleza zaidi. Zioshe kwa sabuni ya vyombo mpaka mafuta yaishe, zikauke kivulini siku nzima. Singa yenye mafuta haishiki gundi hata ufunge namna gani.

Kata kishada chenye unene wa njiti mbili za kiberiti zikiwa pamoja. Kishike karibu na ncha na ukichane upande wa shina kwa mswaki mkavu ili manyoya mafupi ya chini yatoke. Hayo mafupi ndiyo yanayojaza nafasi chini ya uzi bila kushikwa, na kishada kizima kinalegea kwa sababu yao. Sawazisha ncha kidogo tu. Zikilingana sana jigi linaonekana kama brashi ya rangi. Kata mashina kwa mshazari kabla ya kufunga ili yatengeneze mteremko badala ya ukuta.

Vishada sita vinatosha. Tamaa ya kuongeza ni kubwa, nasi tunashauri uikatae. Jigi lililojaa singa huzama polepole, mkondo hulibeba, na kila kishada cha ziada kinakwenda mbali zaidi na risasi ambayo ndiyo kitu kigumu pekee cha kukaziwa.

Mizunguko mitatu ya kwanza

Hapa ndipo jigi linapofaulu au kuharibika, kwa hiyo usiharakishe.

Laza kishada juu ya shingo, mashina yake yakigusa mgongo wa kichwa cha risasi na ncha zikipita mpindo wa ndoana kwa sentimita 2 hadi 3. Kibane kwa kidole gumba na cha shahada, vidole vikigusa shingo yenyewe pande zote mbili. Kiweke kidogo upande wako badala ya juu kabisa. Uzi unapokazwa hukisukuma kishada kuelekea upande wa mbali, na ukiwa umekadiria vizuri kitaishia pale ulipotaka.

Mzunguko wa kwanza upite kati ya vidole, juu ya singa, bila mkazo. Wa pili vivyo hivyo, ubavuni mwa wa kwanza. Vidole visiachie. Wa tatu ukishazunguka nusu, vuta polepole kuelekea juu, moja kwa moja, mpaka ule ukakamavu uliojifunza kwenye msumari. Kuvuta kuelekea juu kunabana singa zote kwa pamoja. Ukivuta kwa pembeni zinaviringika.

Bado usiachie. Ongeza mizunguko 4 ya mkazo kamili kuelekea kichwa, kila mmoja ukigusana na mwenzake. Sasa toa vidole. Kama singa zimetawanyika kidogo lakini hazijahama, umefanya sawa. Zikihama hata kwa milimita, fungua yote saba urudie. Hakuna mzunguko wa baadaye unaoweza kurekebisha kishada kilichohama, kwa sababu mkazo wa juu haufiki chini.

Weka vishada kwa jozi zinazotazamana: chini na juu, kisha kushoto na kulia, kisha viwili vya mwisho kwenye mapengo. Kila mara geuza jigi kwenye jiliwa ili mahali unapofunga pawe juu. Wengi hufunga vyote kutoka upande mmoja wakivuta singa kwa vidole kuzunguka shingo. Vishada vya upande wa mbali hupata uzi lakini havipati mbano. Upande wa ncha ya ndoana kishada kiwe chembamba kuliko vingine, nafasi kati ya ncha na mwili wa ndoana isizibwe.

Baada ya kila jozi, tone la supa gluu kwenye mashina, lisizidi kichwa cha pini. Likiwa kubwa litapanda kwenye singa kama mafuta kwenye utambi, na singa zikigandamana hazichezi tena majini. Elekeza kichwa cha jigi chini unapoweka gundi ili ikimbilie kwenye risasi.

Kufunika na kujenga mteremko

Vishada vikikaa vyote, fungua msokoto uzi uwe bapa kabisa. Funika mashina kuanzia kichwani kwenda nyuma, kisha rudi, ila kila tabaka liwe fupi kuliko lililo chini yake kwa milimita 1. Mizunguko 15 hadi 20 inatosha. Umbo linalotokea ni kilima chenye mteremko mpole, kinene katikati.

Ukirundika uzi mahali pamoja unapata ukuta, na mzunguko wa pembeni huporomoka kutoka ukutani. Mzunguko ulioporomoka umelegea, na uliopita juu yake umelegea pia. Ukiona uzi umeanza kushuka kwenye mteremko mkali, usiukaze zaidi, kwa maana utashuka haraka zaidi. Rudi chini ya mteremko, ujaze bonde kwa mizunguko 3 au 4, ndipo upande tena.

Fundo bila kifaa maalumu

Kata sentimita 15 za mshipi wa nailoni wa milimita 0.30, uukunje mara mbili upate kitanzi. Ulaze juu ya uzi uliofungwa: mdomo wa kitanzi uelekee kichwa cha risasi, ncha zake mbili zielekee mpindo wa ndoana. Sasa zungusha uzi mara 8 juu ya kitanzi, ukitoka upande wa singa kwenda kichwani, kwa mkazo ule ule. Usilegeze kwa sababu eti ni mwisho.

Kata uzi ubakize sentimita 10, upitishe ncha ndani ya kitanzi, uushike ukiwa umenyooka. Vuta ncha mbili za kitanzi kuelekea nyuma kwa mvuto mmoja thabiti. Uzi utapita chini ya mizunguko yote minane na kutokea upande wa singa. Uvute ukaze, ukate kwa wembe karibu kabisa. Kitanzi kikigoma, ni dalili kwamba umekaza vizuri: kipake nta kabla ya kukitumia safari ijayo. Rudia fundo mara ya pili juu ya la kwanza kama utavulia penye miamba.

Kuziba

Tabaka la kwanza liwe jepesi ili lizame kati ya nyuzi: vanishi nyepesi au rangi ya kucha isiyo na rangi. Lipe saa mbili. Kisha gundi ya epoksi ya chupa mbili, iliyochanganywa sawa kwa sawa, ipakwe nyembamba kuanzia kichwani hadi ivuke uzi kwa nusu milimita. Geuza jigi polepole mpaka epoksi ianze kushika, la sivyo itakusanyika upande mmoja kama tone. Liache saa 24. Usitegemee rangi ya kucha peke yake kwa nguru na mzia: meno yao yanakata uzi ulio wazi, na mzunguko mmoja ukikatika fundo zima linafumuka.

Pwani, siku yenye unyevu mwingi, supa gluu huacha ukungu mweupe kwenye uzi. Haupunguzi nguvu. Ukiuchukia, tumia gundi kidogo zaidi na ufanye kazi penye upepo.

Kusoma jigi lililoshindwa

Kishada kimoja kimechomoka kikiwa kizima na vingine vimebaki: mizunguko yake mitatu ya kwanza ilikuwa milegevu, au manyoya mafupi hayakuchanwa. Singa moja moja zinatoka kila siku: zilikuwa na mafuta, au vishada vilikuwa vinene mno na za katikati hazikuguswa na uzi wala gundi.

Mwili wote unazunguka shingoni ukiusokota kwa vidole: msingi haukupata gundi, au ulifungwa juu ya rangi. Singa zimekatika pale pale penye uzi: uzi ulikuwa umejisokota, ukawa kama waya. Uzi umehamia nyuma na kuacha pengo kati yake na kichwa: ulivuka ngazi ya shingo, au mashina hayakugusa kichwa.

Uzi unakatika mara kwa mara mahali usipotegemea: pitisha kijiti chenye pamba kwenye mdomo wa mrija wa kishikio. Pamba ikinasa, mdomo una ukwaruzo. Usugue kwa msasa laini au uutupe.

Kabla ya kulitumia jigi jipya, lifanyie majaribio matatu. Shika singa kama kumi uzivute kwa nguvu, kutoka pande nne. Sokota mwili kushoto na kulia. Kisha lilaze usiku mzima kwenye kopo la maji ya chumvi na urudie yote mawili asubuhi, kwa sababu nailoni iliyolowa hulegea kidogo na udhaifu uliojificha hutokea hapo.

Na jigi la kwanza ulilolifunga kwa njia hii usilipeleke baharini. Lipasue shingoni kwa wembe mpya, kutoka juu hadi kwenye risasi, ulitazame penye mwanga: nyuzi zilizobanwa vizuri zinaonekana bapa na hazina nafasi kati yao, na penye mkazo mdogo utaona mwanya mweusi au singa zilizo duara bado, ambazo hazikubonyezwa. Mwanya huo ulipo, hesabu ni tabaka la ngapi kutoka chini, nawe utajua ni katika hatua ipi mkono wako ulilegea.